Namba za siri zilizoibwa bila faida: kisa cha Target na kadi milioni 40

Tarehe 27 Desemba 2013, siku mbili baada ya Krismasi, kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilitoa taarifa ya ajabu kidogo. Ilikiri kwamba wezi walioingia kwenye mitambo yake ya malipo walikuwa wamechukua hata namba za siri za kadi za wateja. Kisha ikaongeza kwamba namba hizo hazitawafaa kitu. Zilikuwa zimesimbwa, yaani kugeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, ndani ya kile kibodi kidogo ambacho mteja hubonyeza kaunta, kwa mfumo uitwao Triple DES, na ufunguo wa kuzisimbua haukuwahi kukaa kwenye kompyuta za Target. Ufunguo ulikuwa kwa mchakataji wa malipo, kampuni nyingine kabisa.

Siku nane kabla ya hapo Target hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kuibwa kwa taarifa za kadi milioni 40. Hizo ziliwafaa wezi sana. Ziliuzwa mtandaoni moja moja, kwa bei iliyoanzia dola 20 hivi hadi zaidi ya dola 100, kutegemea aina ya kadi na benki iliyoitoa.

Ukitazama vizuri, vitu hivi viwili vilipita mahali pamoja. Mteja alipitisha kadi, akabonyeza namba ya siri, akabeba mifuko yake akaondoka. Mwizi alikuwa amekaa humo ndani na kuvichukua vyote viwili. Kimoja kikawa takataka mkononi mwake, kingine kikawa bidhaa sokoni. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya tofauti hiyo. Usalama wa malipo ya kadi huzungumzwa kama huduma kwa mteja, jambo ambalo mwenye duka hulifanya kwa hisani. Target inaonyesha kwamba anayefaidika kwanza ni duka, na faida yenyewe ni hii: duka linaacha kushika kitu ambacho mwizi anakitaka.

Mlango wa fundi wa friji

Target ina makao makuu Minneapolis, jimbo la Minnesota, na wakati ule ilikuwa na maduka karibu 1,800 nchini Marekani. Inauza maziwa, nguo za watoto, televisheni, karibu kila kitu cha nyumbani. Wizi ulifanyika kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Desemba, yaani kuanzia mkesha wa sikukuu ya Thanksgiving, kupitia Black Friday, hadi katikati ya pilika za Krismasi. Kwa muuzaji wa Marekani hakuna majuma mengine yenye pesa kama hayo.

Wezi hawakuanzia Target. Walianzia kwa Fazio Mechanical Services, kampuni ya Pennsylvania inayofunga na kutengeneza mitambo ya baridi, ambayo ilikuwa ikihudumia baadhi ya maduka. Barua pepe ya ulaghai iliingia Fazio, nywila zikaibwa. Fazio ilikuwa na njia ya kuingia mtandao wa Target kwa mambo ya ofisini tu, yaani kutuma ankara, kuwasilisha mikataba na kufuatilia kazi. Kutoka hapo, wezi walipenya hatua kwa hatua hadi kwenye kompyuta za kaunta. Kamati ya Biashara ya Seneti, katika ripoti yake ya Machi 2014, ilionyesha kwamba sehemu nyeti za mtandao hazikuwa zimetengwa vya kutosha na zile za kawaida. Fundi wa friji na mashine ya kadi hawakupaswa kuwa na njia inayowaunganisha.

Kwenye kompyuta za kaunta wakapanda programu hasidi ya familia ya BlackPOS. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kadi inapopitishwa, taarifa zake hufika kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hata kama zitasimbwa zikiwa diskini na zikiwa njiani kwenda benki, kuna sehemu ya sekunde ambapo zimo kwenye kumbukumbu zikiwa wazi, kwa sababu kompyuta inazishughulikia. Programu hiyo inakaa ikipekua kumbukumbu, ikitafuta mfululizo wa tarakimu unaofanana na namba ya kadi. Ikiupata, inaunakili. Nakala zilikusanywa ndani ya mtandao wa Target wenyewe, kisha zikasafirishwa nje kidogo kidogo.

Na kilichonakiliwa kilitosha. Utepe wa sumaku nyuma ya kadi ni maandishi yasiyobadilika: namba ya kadi, tarehe ya kuisha, msimbo wa huduma, na tarakimu chache za uhakiki. Ni yale yale leo, kesho na mwaka ujao. Mwenye nakala hiyo na mashine ya bei ndogo ya kuandikia utepe anatengeneza kadi nyingine, anaingia duka lolote linalopokea utepe, anatoka na simu au kadi za zawadi.

Kengele zililia. Target ilikuwa imenunua mfumo wa ulinzi wa kampuni ya FireEye kwa dola milioni 1.6, na kama jarida la Bloomberg Businessweek lilivyoripoti Machi 2014, tarehe 30 Novemba wataalamu wake walioko Bangalore, India, waliona tahadhari wakaipeleka Minneapolis. Huko haikufanyiwa kazi. Waliogundua mambo walikuwa watu wa nje. Tarehe 12 Desemba Wizara ya Sheria ya Marekani iliiambia kampuni kuna jambo. Tarehe 18 mwandishi wa habari za usalama wa mtandao, Brian Krebs, akaichapisha habari, na kesho yake Target ikathibitisha. Tarehe 10 Januari 2014 ikaongeza kwamba majina, anwani, namba za simu na barua pepe za watu hadi milioni 70 navyo vilikuwa vimeondoka.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila mwenye duka aliyewahi kujaziwa fomu ya ukaguzi anapaswa kulisoma mara mbili. Septemba 2013, miezi michache tu kabla, Target ilikuwa imethibitishwa kuwa inatimiza viwango vya usalama vya sekta ya kadi, vile vinavyojulikana kama PCI. Cheti kilikuwepo. Sisemi viwango hivyo havina maana, ila kilichookoa namba za siri mwezi Desemba kilikuwa hesabu iliyofanyika ndani ya kibodi, wala si cheti.

Bili

Wikiendi ya mwisho kabla ya Krismasi Target iliwapa wateja punguzo la asilimia 10. Duka linalopunguza bei tarehe 21 Desemba, siku ambayo wateja huwa wanapigania nafasi ya kuegesha gari, lina hofu. Faida ya robo hiyo ya mwaka ilishuka hadi dola milioni 520 kutoka milioni 961 za robo kama hiyo mwaka uliotangulia. Tusiutupie wizi lawama yote, maana Target ilikuwa pia ikipata hasara kubwa kwenye maduka yake mapya ya Kanada. Lakini wateja waliojizuia walionekana.

Kisha zikaja gharama za miaka. Visa ilikubaliana na Target malipo ya hadi dola milioni 67 kwa ajili ya benki zilizotoa kadi. Benki nyingine zilizoshtaki, pamoja na zile za upande wa MasterCard, zikapata karibu milioni 39.4. Wateja walioshtaki kwa pamoja, milioni 10. Mwaka 2017, majimbo 47 na Washington D.C., milioni 18.5. Ukijumlisha uchunguzi, mawakili na mengine, kampuni ilihesabu dola milioni 292, na bima ikalipa milioni 90 kati ya hizo. Milioni 202 zilitoka mfukoni. Mkuu wa teknolojia aliondoka Machi 2014, na Mei mkurugenzi mtendaji, Gregg Steinhafel, aliyekuwa na kampuni hiyo kwa miaka 35, naye akaondoka.

Benki nazo ziliumia kwa namna yake. JPMorgan Chase iliwawekea wateja wake wa debit waliokuwa wamenunua Target katika siku zile kikomo cha dola 100 za kutoa na dola 300 za kununua kwa siku, katikati ya msimu wa zawadi. Vyama vya benki na vya ushirika wa akiba na mikopo vilikadiria kwamba kubadilisha kadi tu kuligharimu zaidi ya dola milioni 200.

Weka tarakimu hizi kando ya nyingine moja. Baada ya wizi Target iliharakisha mpango wa dola milioni 100 wa kuweka mashine za chipu kwenye maduka yake na chipu kwenye kadi zake yenyewe, REDcard. Yaani bei ya dawa ilikuwa nusu ya hasara halisi ya ugonjwa, na dawa yenyewe ingedumu.

Kwa nini hawakuinunua mapema

Jibu la haraka ni uzembe, na si sahihi. Target ilikuwa imejaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoa kadi ya Visa yenye chipu na kuweka visomaji vyake kaunta, kisha miaka mitatu hivi baadaye ikaachana nayo. John Mulligan, mkuu wake wa fedha, alilikumbusha jambo hilo alipohojiwa na Seneti Februari 2014. Maduka mengine na benki nyingine hazikufuata. Kadi yenye chipu katika nchi ambayo kila mtu mwingine anatumia utepe haimlindi mtu, maana mwizi ananakili utepe na kwenda kuutumia duka la jirani. Ukiwa peke yako unalipia mashine, unachelewesha foleni, na faida inakwenda kwa mwingine.

Tena sheria za mitandao ya kadi, kama Visa na MasterCard, zilikuwa zinamlinda muuzaji asiyefanya kitu. Mtu akinunua televisheni kwa kadi ya kughushi, kwa kawaida benki iliyotoa kadi ndiyo iliyobeba hasara. Duka lilikwishauza na kulipwa. Katika hali hiyo, mhasibu gani angeidhinisha mamilioni ya kubadilisha mashine?

Ufaransa ilikuwa imeweka chipu kwenye kadi zake zote za benki tangu 1992. Viwango vya pamoja vya Europay, MasterCard na Visa, ambavyo herufi zake za kwanza zilizaa jina EMV, vilitoka katikati ya miaka ya 1990. Uingereza ilipofika Februari 2006, mteja dukani alikuwa anatakiwa kuweka namba ya siri badala ya saini. Marekani, nchi iliyoifundisha dunia kutembea na kadi, ilikuwa bado inakwaruza utepe. Basi wezi wa dunia nzima wakawa na mahali pa kupeleka nakala zao.

Oktoba 2014 Rais Obama alitia saini amri ya kuitaka serikali yake itumie kadi na mashine zenye chipu na namba ya siri. Siku hiyo akasimulia, kwa kucheka, kwamba kadi yake mwenyewe ilikuwa imekataliwa mgahawani New York. Huwa haitumii mara nyingi, kwa hiyo walidhani kuna udanganyifu. Mke wake ndiye aliyelipa.

Chipu inafanya nini hasa

Utepe husomwa. Chipu huulizwa, nayo hujibu. Mashine inaipa chipu kiasi cha fedha, tarehe, na namba ya kubahatisha iliyotungwa muda huo. Chipu inachanganya hayo na hesabu ya miamala yake, inayapitisha kwenye ufunguo wa siri usiotoka ndani yake, na kutoa msimbo wa muamala huo mmoja tu. Benki, ambayo ina njia ya kupata ufunguo huo, inaukagua. Kesho msimbo huo hauna thamani.

Je, programu kama ile ya Target ingeweza kuona namba ya kadi ya chipu? Ndiyo. Chipu peke yake haifichi namba ya kadi wala tarehe ya kuisha. Hapa maelezo mengi ya kibiashara hudanganya kwa kunyamaza. Lakini mwizi angekwama mahali pengine. Tarakimu za uhakiki zilizomo kwenye chipu ni tofauti na zile za utepe, kwa hiyo akiandika alichokiona kwenye utepe bandia, benki itazikataa. Akinakili utepe halisi wa kadi yenye chipu na kuupitisha kwenye mashine ya chipu, msimbo wa huduma utaiambia mashine: hii ina chipu, mwambie aiingize. Akibadilisha msimbo wa huduma ili kuikwepa hatua hiyo, tarakimu za uhakiki hazitakubali, kwa sababu zilikokotolewa pamoja na msimbo huo. Anayependa kufuli zilizofungwa kwa mantiki atazipenda hizi.

Sehemu ya pili ya ulinzi ndiyo iliyozaliwa na somo la namba za siri. Kama kibodi kinaweza kusimba tarakimu nne bila kompyuta ya kaunta kuziona, kwa nini kisomaji kisisimbe na namba yote ya kadi? Hivyo ndivyo mashine nyingi zinavyofanya sasa. Namba inasimbwa mle ndani ya kisomaji chenye kinga dhidi ya kufunguliwa, inapita kaunta, inapita seva ya duka, inapita intaneti, na inasimbuliwa kwa mchakataji. Duka ni tarishi anayebeba sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa anayelipokea. Programu ya wizi ikae kwenye kumbukumbu ya kompyuta mwaka mzima, itaona makorokoro.

Na duka likihitaji kumkumbuka mteja, kwa mfano kumrudishia fedha au kumtoza kila mwezi, linapewa na mchakataji namba mbadala, ambayo wengi wanaiita tokeni. Namba hiyo ina maana kati ya duka lile na mchakataji yule tu. Ikiibwa, haiwezi kununua hata pipi kwingine. Mwenye duka anapata nafuu ya pili ambayo haitangazwi sana, nayo ni ukaguzi. Viwango vya PCI vinahusu mifumo inayogusa namba za kadi. Mfumo usiozigusa una mambo machache ya kuthibitisha. Kwa duka kubwa huo ni mshahara wa watu kadhaa. Kwa duka dogo ni fomu fupi badala ya fomu ya kutisha.

Tarehe 1 Oktoba 2015

Teknolojia ilikuwepo kwa miaka ishirini. Kilichoisukuma Marekani ni kubadilisha anayelipa. Mitandao ya kadi iliweka tarehe: kuanzia 1 Oktoba 2015, kadi ya kughushi ikipita dukani, hasara ni ya upande ambao haujaweka chipu. Kama benki imetoa kadi ya chipu na duka bado linasoma utepe, duka linalipa. Vituo vya mafuta vilipewa muda zaidi, na muda huo ukasogezwa tena na tena hadi Aprili 2021.

Matokeo yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia kuyakuta. Visa ilitangaza kwamba katika maduka yaliyokamilisha kuhamia chipu, thamani ya fedha zilizopotea kwa kadi za kughushi ilishuka kwa asilimia 87 kati ya Septemba 2015 na Machi 2019. Ni tarakimu ya Visa kuhusu bidhaa ya Visa, tuipokee hivyo, lakini mwelekeo haubishaniwi. Kughushi kadi ya dukani, kazi iliyolisha watu wengi, iliacha kulipa.

Ila kisa hakikwenda sawa kwa wote, na wenye maduka madogo waliumizwa na tarehe ile ile iliyowafaa wakubwa. B&R Supermarket, kampuni ndogo ya maduka ya vyakula Florida, ilifungua kesi Machi 2016 dhidi ya Visa, MasterCard na wengine. Ilisema ilinunua mashine za chipu na kuwafundisha makeshia mapema, lakini mashine haziruhusiwi kusoma chipu mpaka zithibitishwe, na foleni ya uthibitisho ilikuwa mikononi mwa wengine. Wakati ikisubiri, ilirudishiwa madai 88 ya miamala iliyokanwa, yenye thamani ya zaidi ya dola 9,000 katika miezi minne na nusu hivi. Mwaka mmoja kabla, katika kipindi kama hicho, yalikuwa manne. Mashine iko juu ya kaunta, tundu la chipu limezibwa kwa karatasi, na hasara inaingia. Naona malalamiko yao yalikuwa ya haki. Aliyepanga tarehe alipaswa kupanga pia watu wa kuithibitisha mitambo.

Foleni nayo ilikuwa kero ya kweli. Miezi ya kwanza kadi ilikaa ndani ya mashine mpaka mteja aanze kuitazama kwa mashaka, na wengine wakaisahau humo. Visa ilitoa njia ya haraka mwaka 2016, kadi ikawa inatolewa kabla benki haijajibu. Kugusisha kadi kumeondoa sehemu kubwa ya kero hiyo, na msimbo wa mara moja unafanya kazi vile vile kwenye kugusisha. Jambo moja Marekani haikulifanya ni kuwataka wenye kadi za mkopo waweke namba ya siri. Iliendelea na saini, ambayo keshia hakuwahi kuitazama, hadi mitandao mikubwa minne ilipoiachilia Aprili 2018.

Wezi, kama ilivyotarajiwa, walihama. Uingereza ilikuwa imeshaliona hilo miaka kumi kabla: dukani pakifungwa, mtandaoni panajaa. Kwenye duka la mtandao hakuna chipu ya kuuliza, mteja anaandika namba tu, na mara nyingi hasara ya udanganyifu huko ni ya muuzaji. Kwa hiyo anayeuza dukani na pia kwenye tovuti asihesabu kwamba mashine mpya imemmalizia kazi. Kwenye tovuti kinga zake ni tokeni, uthibitisho wa benki kupitia simu ya mteja, na kutoiona namba ya kadi kabisa, yaani kumpeleka mteja akalipie kwenye ukurasa wa mchakataji.

Kwa msomaji wa huku

Mwenye duka Kariakoo au Mombasa anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini, wakati wateja wake wengi wanalipa kwa Lipa Namba au till ya M-Pesa. Yanamhusu kwa njia ambayo pengine hajaiwaza. Katika malipo ya simu, mteja anabonyeza namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe na kuisukuma fedha. Duka linapokea ujumbe wa kupokea, basi. Hakuna siri ya mteja inayopita kaunta. Kile ambacho Marekani ililipia mamia ya mamilioni kukifikia, kutoshika kinachoibika, mwenye genge anakipata kwa kibao cha namba ukutani. Wizi wa huku una sura nyingine, kama ujumbe bandia wa malipo au kumghilibu mteja atoe siri mwenyewe, lakini huwezi kuvamia kompyuta ya genge ukatoka na siri za wateja milioni 40.

Kadi hata hivyo zipo, na zinaongezeka kwenye supamaketi, hoteli, vituo vya mafuta na maduka ya watalii. Kwa kawaida mashine inaletwa na benki na afisa masoko mwenye haraka. Kama ningekuwa na duka, kabla ya kutia saini ningemuuliza namba ya kadi inasimbwa wapi, ndani ya mashine hiyo au ikishafika kwenye kompyuta yangu. Akijibu kwamba mfumo wao ni salama sana, ningerudia swali. Ningemuuliza pia mteja akikana muamala baada ya miezi miwili, ni ushahidi gani utanikinga: wa chipu na namba ya siri, au karatasi yenye saini? Na kama mashine inaunganishwa na mfumo wangu wa mauzo, ningetaka kujua kama iko kwenye mtandao mmoja na kamera, printa, na ile Wi-Fi ninayowapa wateja bure. Swali hilo la mwisho ni la fundi wa friji wa Pennsylvania.

Halafu kuna utepe wenyewe. Kadi nyingi za chipu bado zinao mgongoni, na mashine nyingi bado zinaukubali chipu inapogoma. Keshia aliyezoea kusema "haisomi, ngoja nipitishe pembeni" anairudisha Target ya 2013 kwa sekunde tano, na madai ya kadi ya kughushi yakija, kumbukumbu itaonyesha kwamba duka ndilo lililochagua utepe. Mastercard ilitangaza Agosti 2021 kwamba kuanzia 2024 benki katika masoko mengi hazitalazimika kuuweka kwenye kadi mpya, Marekani itafuata 2027, kadi mpya zenye utepe zitakoma 2029, na kufikia 2033 hakutakuwa na kadi ya Mastercard yenye utepe. Mpaka hapo ningemwomba afisa wa benki aizime njia ya utepe kwenye mashine yangu, au walau aniandikie nani analipa ikitumika.